Sikio la Maksai Aliyeitwa Redio

Siku ile, katika boma la marehemu Masatu nje kidogo ya Bunda, tulikuwepo hawa: Magesa, mtoto wake wa kwanza, aliyebaki kuwa baba na mama wa nyumba ile, wadogo zake watatu, Nyasatu, Yohana na Neema, Mzee Wambura, mfugaji aliyekuja kutoka upande wa Butiama akidai ng'ombe wake, mtendaji wa kata, jalada kwapani, Daktari Marwa wa mifugo, mimi na kamera, na maksai wawili wa kulimia, Soda na Redio. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa akinyamaza kuanzia alfajiri. Nawataja wote kwa sababu ninyi mnaobaki studio mmezoea kupiga picha mkiwa na mteja mmoja, anayejua anachotaka. Picha ngumu kuliko zote katika kazi yangu niliipiga nimezungukwa na watu, na kila mmoja alitaka itoke kwa namna yake.

Lakini lazima nianzie nyuma. Bila hivyo hamtaelewa kwa nini sikio la ng'ombe lilinihangaisha kuliko bibi harusi yeyote.

Nilikuwa darasa la sita wazazi wetu walipofariki, mama kwanza, baba akafuata kabla ya mvua nyingine. Ukoo ukakaa kutugawa. Huyu aende kwa shangazi kule Majita, huyu kwa baba mkubwa, huyu mdogo atachukuliwa na nani. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikasema tutakaa pamoja. Baba mdogo akacheka.

"Utawalisha nini, binti? Maneno?"

Nikaenda Musoma mjini kutafuta kazi ya kufua nguo. Nilizunguka mtaa wa Iringo nyumba kwa nyumba mpaka nikafika kwenye studio ya Mzee Bwire. Akaniuliza kama mikono yangu inavumilia maji. Nikasema inavumilia. Kumbe alichokuwa nacho cha kufua ni picha. Enzi zile picha ilitoka kwenye dawa ikapita kwenye maji, na asipokuwepo mtu wa kuisuuza vizuri inageuka ya kahawia kabla mwenyewe hajaiweka fremu. Nikaanzia kwenye beseni. Shule sikurudi.

Mzee Bwire alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "masikio." Picha za pasipoti zilitakiwa zionyeshe masikio yote mawili, na yeye aliichukulia kanuni hiyo kama amri kutoka mbinguni. Aliponiruhusu kugusa kamera kwa mara ya kwanza, nilimpiga mwalimu mmoja, nikafurahi kwamba macho yalitoka safi kabisa. Mzee akaitazama picha, akanirudishia.

"Huyu ana masikio?"

"Anayo, mzee. Hayo hapo."

"Hiyo ni pamba. Mimi nataka masikio."

Kweli, macho yalikuwa makali na masikio yalikuwa ukungu. Ndipo akanifundisha kitu ambacho vitabuni kina majina marefu na pale studio tulikiita unene wa fokasi. Alipanga njiti za kiberiti mezani, zimesimama kwenye udongo mmoja nyuma ya nyingine, akaniambia nilenge ya katikati. Picha ilipotoka, njiti chache zilikuwa safi, na zilizokuwa mbele na nyuma yake zilikuwa moshi. Akaniambia nifunge tundu la lenzi, nipige tena. Safari hii njiti nyingi zaidi zikawa safi. Nikasema basi tufunge siku zote, tabu ya nini?

"Umeliangalia jua?" akauliza. Nilikuwa sijaliangalia. Tundu likiwa dogo mwanga unaingia kidogo, kamera inabidi ikae wazi muda mrefu, na mteja anatikisika. Isitoshe, ukilifunga mpaka mwisho kabisa picha nzima inalegea, hakuna kilicho kikali mahali popote. Mnajua pia kwamba namba kubwa ni tundu dogo. Kwa nini ni hivyo, sijawahi kupata mtu wa kunieleza bila kunikasirisha.

Kosa la wengi wenu ni kudhani unene huo ni wa kamera. Unategemea sana umbali. Ukisimama mbali na mtu, unatosha kuanzia pua mpaka kisogo. Ukimsogelea sana, unakonda. Ukifika karibu na punje ya mahindi, umebakiwa na kitu chembamba kama ukucha, na pumzi yako yenyewe inakutoa nje yake. Nililijua hilo Bunda, nilipoanza kuitwa na watu wa pamba kupiga picha za wadudu kwa ajili ya mabango ya wakulima. Mzee alininunulia pete za kuweka kati ya lenzi na kamera ili niweze kusogea karibu. Siku ya kwanza nilirudi na filamu nzima ya majani yenye kitu fulani juu yake. Bwana shamba akaitazama kwa muda mrefu. "Hawa ndio wadudu, au ni vumbi la lenzi?" akauliza, kwa adabu.

Nilijifunza kukaa upande wa upepo na mwavuli. Nilijifunza kuisimamisha kamera sambamba na jani, bila kuinama wala kupinda, ili ule unene mdogo nilionao ulale juu ya jani lote. Hili ndilo la maana kuliko mengine yote nitakayoandika hapa. Kama huwezi kuongeza unene, kilaze kitu chenyewe kiingie ndani yake. Wachimbaji wa Buhemba walikuwa wakiniletea mawe yenye chembe ya dhahabu, wanataka chembe ionekane kubwa na jiwe lionekane dogo. Nilikuwa nalizungusha jiwe kwenye unga wa mahindi mpaka chembe zote zilale usawa mmoja. Walidhani ni uganga. Mmoja aliniomba nimwombee.

Mzee Bwire alinifundisha pia kinyume chake, kufungua tundu makusudi. Nyuma ya bibi harusi kuna ukuta umebanduka rangi, kuna kamba ya nguo, kuna shemeji amelewa. Unafungua tundu, vyote vinayeyuka, anabaki yeye. "Ukungu wa aina hiyo ni heshima," alikuwa akisema. Nilifanya hivyo miaka yote na sijutii. Alipofariki niliendelea na studio pamoja na watoto wake, filamu zikaondoka, kamera za kompyuta zikaja, simu zikaja. Simu siku hizi inajitengenezea ukungu yenyewe, na mara nyingine inayeyusha sikio la mtu ikidhani ni ukuta. Mzee angeitupa ziwani.

Sasa nirudi kwenye boma la Masatu.

Magesa alikuja studio mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mabega mapana, mtu wa maneno machache. Aliketi kwenye benchi la wateja akanieleza. Baba yao alikuwa amekufa, mama alitangulia zamani. Walikuwa wanaishi kwa pamba, na pamba waliilima kwa plau na jozi ya maksai, Soda na Redio, waliofunzwa pamoja. Sasa Mzee Wambura alikuwa amemwona Redio kwenye josho akasema ni ng'ombe wake, aliyeibiwa akiwa ndama, na kwamba marehemu Masatu alikuwa mwizi. Magesa alijua baba yake alimnunua mnadani. Karatasi haikuwepo, na aliyeuza hakujulikana.

"Wakimchukua Redio, Soda peke yake halimi," alisema. "Na mvua iko mlangoni. Hawa wadogo zangu nitawarudisha kwenye jembe la mkono, shule basi."

"Mimi naingiaje?"

"Baba alimkata sikio. Alama ya kwetu, vikato viwili nchani. Mtendaji anataka picha yake, lakini iwe safi, mama. Watu wanasema wewe unapigaga hata yai la mdudu."

Sababu ya kutaka picha ilikuwa karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia, na ng'ombe hakuruhusiwa kuvuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine, wakati kesi ilikuwa isikilizwe mbele ya wajumbe wa baraza upande wa Butiama. Mtendaji alituambia pale bomani, mbele ya wote: "Ng'ombe haendi. Na sikio siwezi kulikata nikaliweka kwenye jalada. Kwa hiyo mama wa picha ndiye atakayelibeba."

Walikuwa tayari wamelitazama kwa macho, na kila mtu alikuwa ameona alichokuja kukiona. Redio alikuwa akitikisa kichwa, nywele zinafunika, watu wanabishana.

"Ukoo wetu tunapasuaga hapa chini, kwenye shina la sikio," alisema Mzee Wambura. "Ndama akiwa bado ananyonya. Hata usiku nikipapasa nitaijua."

"Papasa basi, mzee," alisema Magesa.

"Nimepapasa! Limejaa mafuta!"

Hapo ndipo nililitazama sikio vizuri. Liling'aa kama kiatu cha askari. Wasichana walikuwa wamemwogesha Redio tangu asubuhi, wakampaka mafuta ya kujipaka, kichwa, pembe na masikio yote mawili.

"Neema, nani kawaambia mpake mafuta?" akauliza kaka yake.

"Si anapigwa picha?" Neema akajibu, akimshangaa. "Aende amepauka?"

Hata Mzee Wambura alicheka. Nani kati yetu aliwahi kwenda studio bila kujipaka mafuta? Lakini mng'ao ule ulikuwa unanirudishia jua lote usoni, na mahali panapong'aa hakuna kovu linaloonekana. Tuliliosha sikio kwa maji ya moto na sabuni ya unga, tukalikausha kwa kanga. Redio akatueleza maoni yake kwa sauti.

Nikasogea, nikaingiza jicho kwenye kamera. Sikio la ng'ombe ni kama kijiko kirefu. Ncha inakuja kwako, shina liko nyuma ndani. Nilipolenga ncha, vikato viwili vya Masatu vilikuwa safi, kila unywele unahesabika. Shina likawa ukungu. Nikasogeza fokasi taratibu kwenda nyuma, kama ilivyo desturi yangu kabla ya kupiga. Na hapo shinani, chini ya nywele, nikaona mstari. Mwembamba, umepona zamani sana, ngozi yake nyororo na yenye rangi nyepesi. Ulikuwa mpasuo.

Hakuna aliyekuwa ameuona. Mzee Wambura alikuwa ameukosa kwa sababu ya mafuta, daktari alikuwa amekishika kichwa upande wa pili, na mimi nilikuwa nauona kwa sababu ya lenzi tu. Magesa alikuwa amesimama begani kwangu.

"Mama, vinaonekana vikato?"

"Vinaonekana."

"Basi piga."

Nawaeleza hali ilivyokuwa kifundi. Ng'ombe hatulii, kwa hiyo njia ya kawaida, ambayo fundi yeyote angeichagua na hakuna mtu angemlaumu, ni kufungua tundu na kupiga haraka. Ncha ingetoka kali sana. Shina lingekuwa moshi mzuri tu. Wajumbe wangeona vikato viwili vya ukoo wa Masatu na pamba ingepandwa. Neema alikuwa ameshika ndoo ya maji kwa mikono miwili, anasubiri kuambiwa aipeleke wapi. Najua jembe la mkono lilivyo. Najua pia kikao cha ukoo kilivyo, mnapokaa mkisubiri kusikia nani anakwenda wapi.

Lakini Mzee Wambura naye alikuwa amesimama pale, fimbo mkononi, na alikuwa amekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia.

Nikamwambia mtendaji, "Naomba huo ubao wako wa kuandikia."

Tuliuweka nyuma ya sikio, Daktari Marwa akalilaza juu yake kwa vidole viwili, taratibu, mpaka kijiko kikawa jani. Nikaisimamisha kamera sambamba na ubao. Yohana nikampa shuka jeupe alishike upande wa kivuli, lirudishe mwanga. Nikafunga tundu, siyo mpaka mwisho. Kilichobaki kilikuwa kutikisika, na hapo ng'ombe mwenyewe alinisaidia. Redio alikuwa anacheua. Mkimtazama ng'ombe anayecheua mtaona akishameza, kabla donge lingine halijapanda kooni, kuna kituo kifupi ambacho kichwa chote kimetulia. Nikasubiri ameze, nikapiga. Akacheua, akameza, nikapiga tena.

Nilipomaliza nilimwita Magesa pembeni, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera kabla ya mtu mwingine. Alitazama vikato vya baba yake, akatazama shina.

"Ni kweli upo," alisema.

"Upo."

"Mpe mtendaji."

Butiama picha iliwekwa mezani, imekuzwa kama sinia.  Mzee Wambura aliuweka ukucha wake juu ya ule mpasuo, akauacha hapo. Kisha Daktari Marwa akaombwa aeleze anachokiona, naye akasema jambo ambalo mimi sikulijua nilipokuwa napiga. Mpasuo wa shinani ulikuwa mrefu na umetanuka, umekua pamoja na sikio, maana ulikatwa ng'ombe akiwa ndama mchanga. Vikato vya nchani vilikuwa vifupi na kingo zake zimesimama. Vilikatwa sikio likiwa limeshakomaa.

"Kwa hiyo marehemu Masatu alimpata akiwa mkubwa," alisema. "Kabla ya hapo alikaa mahali pengine. Wapi, picha haisemi."

Magesa akasimama. "Ng'ombe ni wa mzee. Nimeona. Lakini andikeni kwamba baba alinunua. Liandikwe hilo."

Mzee Wambura alikuna kidevu. "Ile nyingine niliyosema kuhusu baba yako, kijana, nairudisha. Mbele ya hawa. Lakini ng'ombe nitamchukua."

"Mchukue."

Ndivyo ilivyoisha. Redio akaondoka kwao kwa sababu ya picha niliyoipiga vizuri. Msimu ule Soda alifungwa nira na maksai wa jirani, kwa zamu, shamba la jirani kwanza, kisha la kwao likachelewa. Nyasatu aliacha shule. Wale wawili wadogo hawakuacha.

Kabla karantini haijaondolewa Magesa alinipigia simu. Alitaka nije siku Redio atakapochukuliwa, niwapige wote pamoja naye. "Tutoke sote, mama. Usimwache mtu kwenye moshi." Nikamwahidi. Nilifika asubuhi na stendi ya kamera. Nikamkalisha Neema mbele kabisa juu ya plau, Yohana na Nyasatu katikati wakimshika Redio shingo, na Magesa nyuma ameshika kamba. Kutoka plau mpaka kamba palikuwa parefu, nikafunga tundu sana, nikalenga mbele kidogo ya katikati, maana fokasi hutanuka zaidi kwenda nyuma kuliko kuja mbele. Nikawaambia wasipumue. Kijana wa Mzee Wambura akatokea getini wakati kamera iko wazi. Redio akaruka, Magesa akamzuia.

Picha ninayo. Neema ni safi, bolti za plau ni safi, tabasamu la Yohana, kanga ya Nyasatu, hata nzi juu ya pua ya Redio. Magesa kuanzia kifuani kwenda juu ni mfuto tu, kama mtu aliyefutwa kwa kiganja. Nilitaka turudie. Kamba ilikuwa imeshahamia mkononi mwa kijana yule.

"Watoto wametoka?" akauliza Magesa.

"Wametoka. Wewe hujatoka."

"Basi inatosha."

Kila nilipopita Bunda baada ya hapo nilimfuata. Kwanza akasema tumalize palizi. Halafu Nyasatu alikuwa anaolewa, nimpige yeye. Halafu Neema alikuwa anakwenda chuo, alihitaji za pasipoti. Nilizipiga hizo zote. Yeye alikuwa ananishikia shuka upande wa kivuli.

Juzi, nilipokwisha kuwakabidhi ninyi funguo za studio, nilimpigia simu.

"Umestaafu, mama? Sasa utapumzika."

"Nimebaki na wewe."

Akacheka. "Njoo baada ya kuvuna. Lakini uje umejiandaa, watoto wa Yohana ni wengi."

Nikamwambia safari hii watoto watakaa nyuma yangu. Nikasikia akimfokea ng'ombe. Kamera moja sikuikabidhi, mtaniwia radhi. Nimebaki nayo kwa ajili ya picha hiyo, ambayo nilimwahidi na bado sijampa.